Shajara ya mradi: kupima na kupunguza moshi wa magari mawili ya zamani

Februari

Mradi huu unahusu magari mawili ya petroli. La kwanza ni la kabureta (chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), lilitoka kiwandani kabla ya mwaka 1975, na bomba lake la moshi halijapata kuwa na kifaa chochote cha kusafisha gesi. La pili ni la mwanzoni mwa miaka ya tisini; petroli yake hupulizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta, lina sensa ya oksijeni, na katika ekzosi yake, yaani bomba la moshi, kuna katalisti, kifaa cha kusafisha gesi kabla hazijatoka nje. Kusudi ni kujua kila moja linatoa nini hasa, kulirudisha katika hali bora kabisa ambayo vifaa vyake lenyewe vinairuhusu, na kuandika kila marekebisho pamoja na kipimo kilichoyatangulia na kilichoyafuata, ili mwenye gari kuukuu aone ni kazi ipi inayosafisha hewa kweli na ni ipi inayompotezea muda na vipuri.

Sababu ya kuanza ni kwamba mijadala mingi kuhusu magari ya zamani hutazama mwaka wa kutengenezwa, ikaishia hapo. Mwaka una uzito wake, wala sikusudii kuupuuza. Kiwango cha Ulaya cha Euro 1, kilichoanza mwaka 1992, kiliruhusu gari dogo litoe gramu 2.72 za kaboni monoksaidi kwa kila kilomita. Kufikia Euro 4, mwaka 2005, gari la petroli liliruhusiwa gramu 1.0 tu. Kwa dizeli, chembechembe za masizi zilizoruhusiwa zilishuka kutoka gramu 0.14 kwa kilomita katika Euro 1 hadi gramu 0.005 katika Euro 5. Hata hivyo, mwaka wa kutengenezwa hutueleza sheria ilidai nini siku gari lilipozaliwa. Hautuelezi linatoa nini leo. Donald Stedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Denver, waliokuwa wakimulika mionzi ya infraredi kukatisha barabara na kusoma moshi wa kila gari lililopita tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, walionyesha kwamba takribani nusu ya kaboni monoksaidi yote ilitoka kwa karibu sehemu moja ya kumi ya magari. Walionyesha pia kwamba tofauti kati ya gari lililotunzwa na lililotupwa mkono, yakiwa ya umri mmoja, yaweza kuzidi tofauti iliyopo kati ya umri mmoja na mwingine. Matokeo hayo ndiyo yaliyonishawishi kwamba bila kipimo hatuna haki ya kulihukumu gari wala kulitetea.

Kifaa cha kazi ni mashine ya kupima gesi nne: kaboni monoksaidi, kaboni dayoksaidi, hidrokaboni (mabaki ya petroli isiyoungua) na oksijeni. Tatu za kwanza husomwa kwa mwanga wa infraredi, na oksijeni kwa seli ya kikemikali. Kutokana na gesi hizo mashine hukokotoa lamda, yaani uwiano wa hewa iliyoingia na ile ambayo petroli ilihitaji ili iungue yote. Lamda ikiwa 1, injini imepata takribani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli.

Kama kipimio nimechukua viwango vya ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, kwa kuwa vimechapishwa waziwazi na vimepangwa kulingana na umri. Gari lililoanza kutumika huko kabla ya Agosti 1975 hutazamwa kwa macho tu, kama linafuka moshi kupita kiasi. Lililofuata hadi Julai 1986 halitakiwi kuzidi asilimia 4.5 ya kaboni monoksaidi na sehemu 1,200 za hidrokaboni kwa milioni. Baada ya hapo, na kabla ya enzi ya katalisti, kikomo cha kaboni monoksaidi ni asilimia 3.5. Gari langu la kwanza lingestahili ukaguzi wa macho peke yake, lakini kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na jicho haliwezi kuishuhudia. Kwa hiyo nimeamua kulipima kwa kiwango cha kundi linalofuata, na kulitaka lifike hata kile cha asilimia 3.5.

Machi

Kazi ya kwanza haikuwa ya injini bali ya bomba. Ekzosi yenye tundu huvuta hewa ya nje kati ya mpigo mmoja wa moshi na mwingine, na hewa hiyo huichanganya gesi kiasi kwamba mashine husoma oksijeni nyingi na uchafu kidogo. Gari chafu lenye ekzosi iliyotoboka laweza kuonekana safi. Gasketi ya mahali bomba linapoungana na injini ilikuwa imeungua, na kiungo cha nyuma kilikuwa kimeliwa na kutu; vyote vimeshughulikiwa kabla ya kuandika kipimo chochote, na ninasisitiza mpangilio huu kwa yeyote atakayefuata njia hii.

Kipimo cha kwanza cha gari la kabureta, injini ikiwa imeshapata moto na ikinguruma bila kukanyaga mafuta, kilizidi sana kikomo cha asilimia 4.5 cha kaboni monoksaidi, na hidrokaboni nazo zilivuka 1,200. Kaboni dayoksaidi ilikuwa chini, jambo ambalo wengi hulisoma kinyume: katika injini ya petroli, kaboni dayoksaidi ikikaribia asilimia 14 au 15 ndiyo dalili kwamba mafuta yanaungua vizuri, na ikishuka maana yake petroli inatoka nje ikiwa nusu imeungua au haijaungua kabisa. Moshi wenyewe ulikuwa mweusi kidogo wakati wa kuongeza mwendo, nao hudokeza mchanganyiko mzito, yaani petroli nyingi kuliko hewa, si oili inayoungua, ambayo moshi wake huwa wa samawati.

Mafundi wengi hukimbilia skrubu ya kabureta. Nimeanza na mfumo wa kuwasha cheche, kwa sababu silinda moja inayomisi humwaga nje petroli yote iliyoipokea, na hakuna skrubu inayoweza kufidia hilo. Pointi, yaani swichi inayokata umeme ili cheche itoke, zilikuwa zimechimbika na nafasi yake imepungua, plagi zilikuwa na masizi makavu, na taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, ilikuwa imechelewa. Pointi, kondensa na plagi mpya zilipofungwa na taimingi kurudishwa kwenye alama ya kiwanda, hidrokaboni zilishuka chini ya kikomo papo hapo, ilhali kaboni monoksaidi haikusogea sana. Hivyo ndivyo ilivyotarajiwa: hidrokaboni hutokana zaidi na petroli iliyokosa kuwaka, na kaboni monoksaidi hutokana na petroli iliyokosa hewa ya kutosha. Anayejua kutenganisha namba hizi mbili huacha kubahatisha.

Baadaye ndipo zamu ya kabureta ilipofika. Filta ya hewa ilikuwa imeziba vumbi. Choki, kizibo kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi, haikuwa ikifunguka hadi mwisho hata injini ikiwa ya moto. Na boya ndani ya kabureta lilikuwa limekaa juu, hivyo petroli ilipanda kupita kiasi kwenye jeti, tundu dogo la kuipitishia. Haya matatu, ambayo hakuna hata moja linalohitaji kipuri cha thamani kubwa, yalikuwa yakilifanya gari hili litoe sumu kwa miaka bila mwenyewe kulitambua, kwa kuwa injini yenye mchanganyiko mzito huendelea kuvuta vizuri na haimlalamikii dereva. Baada ya kusafisha, kurekebisha boya na kuilegeza choki, kaboni monoksaidi ilishuka chini ya 3.5.

Machi, mwishoni

Hapa pana jambo ambalo linastahili nafasi yake, kwa sababu linagusa udhaifu wa ukaguzi wenyewe. Baada ya kufika chini ya kikomo, kuna kishawishi cha kuendelea kuukaza mchanganyiko uwe mwepesi zaidi ili namba ya kaboni monoksaidi ikaribie sifuri. Ukifanya hivyo, mambo mawili hutokea. Kwanza, injini ya kabureta hufika mahali ambapo petroli ni haba mno kiasi cha cheche kushindwa kuiwasha kila mara, na hidrokaboni huanza kupanda tena. Pili, kabla ya kufika hapo, hupita eneo ambalo hewa imezidi kidogo tu ile inayohitajika, ambamo moto ni mkali na oksijeni ipo ya kutosha. Hapo ndipo nitrojeni ya hewani inapoungana na oksijeni na kufanya oksidi za nitrojeni kwa wingi kuliko mahali pengine popote. Mashine yangu ya gesi nne haizioni oksidi hizo. Wala ukaguzi nilioueleza hauzipimi. Mtu anaweza kutoka kituoni na cheti kizuri akiwa amebadilisha sumu moja kwa nyingine.

Oksidi za nitrojeni si jambo dogo. Arie Haagen-Smit, mwanakemia wa Taasisi ya Teknolojia ya California, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya hamsini kwamba ukungu uliokuwa ukiwasha macho ya watu wa Los Angeles na kunyausha mimea haukutoka moja kwa moja kwenye bomba lolote, bali ulitengenezwa na jua: hidrokaboni na oksidi za nitrojeni zikichomwa na mwanga hutoa ozoni karibu na ardhi. Kwa sababu hiyo sheria zilizofuata hazikuweza kushika gesi moja na kuziacha nyingine. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 ilidai magari mapya yapunguze uchafu wake kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache, sharti ambalo wakati huo viwanda havikuwa na njia iliyo tayari ya kulitimiza, na ndilo lililoleta katalisti katika magari ya mwaka 1975.

Kwa gari la kabureta, basi, nimeamua kusimama kati ya asilimia 2 na 3 ya kaboni monoksaidi, mahali ambapo hidrokaboni ziko chini kabisa na injini inanguruma kwa utulivu. Si namba ya kujivunia ikilinganishwa na magari ya leo, lakini ni namba ya kweli.

Aprili

Uchafu hautoki kwenye bomba la nyuma peke yake. Kabla ya sheria kuanza, inakadiriwa kwamba takribani moja ya tano ya hidrokaboni za gari zilitoka kwenye tumbo la injini, yaani gesi zinazopenya kando ya ringi za pistoni, na kiasi kama hicho kilitokana na petroli inayovukizwa na tangi na kabureta. Dawa ya lile la kwanza ndiyo iliyotangulia zote: vali ndogo inayorudisha gesi za tumboni kwenye njia ya hewa ili ziungue tena, iliyoanza kufungwa katika magari yaliyouzwa California mwaka 1961. Gari langu la kwanza lilikuwa nayo, ila ilikuwa imegandamana kwa uchafu wa oili na gesi zilikuwa zikitafuta njia kupitia mfuniko wa kujazia. Imebadilishwa.

Mipira ya petroli imebadilishwa pia, kwa mipira inayostahimili ethanoli, kwa sababu petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli huikausha na kuipasua mipira ya zamani. Mpira unaovuja huchafua hewa hata gari likiwa limezimwa, tena ni hatari ya moto. Mfuniko wa tangi una gasketi mpya.

Mei

Gari la pili lilifika na taarifa kwamba katalisti yake imekufa na inapaswa kubadilishwa. Sikukubali hukumu hiyo kabla ya vipimo, kwa kuwa katalisti ina madini ya platini, paladi na rodi, ni kifaa cha gharama, na mara nyingi huhukumiwa kwa makosa ya sehemu nyingine.

Katalisti ya njia tatu hufanya kazi mbili zinazopingana: huzipa oksijeni kaboni monoksaidi na hidrokaboni, na huzinyang'anya oksijeni zile oksidi za nitrojeni. Haiwezi kuzifanya zote mbili ila lamda ikae karibu sana na 1. Ndiyo maana Volvo, iliyoanza kuuza gari la aina hiyo California mwaka 1976, iliiunganisha na sensa ya oksijeni inayoiambia kompyuta kila mara iongeze petroli au ipunguze. Kikomo cha ukaguzi kwa gari la kundi hili, injini ikiwa imekanyagwa hadi mizunguko kati ya 2,500 na 3,000 kwa dakika, ni asilimia 0.3 ya kaboni monoksaidi, sehemu 200 za hidrokaboni kwa milioni, na lamda kati ya 0.97 na 1.03. Gari hili lilishindwa katika kaboni monoksaidi, na lamda ilikuwa chini ya 0.97. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyotoa jibu. Lamda ya chini maana yake injini inapewa petroli nyingi mno, na hakuna katalisti, hata iliyotoka dukani leo, inayoweza kuimaliza kaboni monoksaidi ikiwa oksijeni ya kuiunguza haipo.

Uchunguzi ulionyesha mambo mawili. Thamostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, ilikuwa imekwama wazi, hivyo maji ya injini hayakupata moto unaotakiwa, na kompyuta, ikiamini kwamba injini bado ya baridi, iliendelea kuiongezea petroli. Sensa ya oksijeni nayo ilikuwa imezeeka. Ilijibu, lakini polepole mno kuweza kuushika mchanganyiko. Vyote viwili vimebadilishwa, na baada ya gari kuendeshwa mwendo mrefu ili katalisti ipate joto la kutosha, kaboni monoksaidi ilishuka chini ya 0.3 na lamda ikatulia kwenye 1. Katalisti ilikuwa nzima. Ingebadilishwa peke yake, ile mpya ingeendelea kulishwa petroli ya ziada na kuungua ndani kwa ndani.

Niongeze kwamba katalisti hufa kweli, na inafaa kujua inakufaje. Risasi, yaani metali ya ledi, iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli huipaka uso wake na kuufunga. Ndiyo sababu petroli isiyo na risasi ilibidi itangulie popote katalisti ilipokwenda. Nchi ya mwisho duniani kuuza petroli ya risasi kwa magari ilikuwa Algeria, nayo ilikoma mwaka 2021, karibu miaka 100 tangu risasi hiyo ianze kutumika. Siku hizi adui wake mkubwa ni injini inayokula oili, kwa kuwa fosforasi iliyomo ndani ya oili hufanya kazi ileile ya kufunga uso. Mwenye gari anayeongeza oili kila mara badala ya kutengeneza ringi au sili za vali anaiua katalisti yake taratibu.

Juni

Sasa magari yote mawili yamefika pale yanapoweza kufika kwa vifaa vyake, na kuyaweka pamoja kunafundisha. Gari la kabureta, likiwa limetunzwa kwa kila hali, bado linatoa kaboni monoksaidi kwa kiwango kinachozidi mara nyingi kile cha gari la katalisti. Utunzaji hauzai teknolojia ambayo gari halikuzaliwa nayo. Vilevile, gari la katalisti lenye thamostati mbovu lilikuwa likichafua kuliko lilivyostahili kwa umri wake, na cheti cha mwaka wa kutengenezwa kisingelifichua.

Kwa mwanga huo nimesoma upya sheria za miji inayozuia magari. Berlin ilianza eneo lake la hewa safi Januari 2008. London ilianza lake kali tarehe 8 Aprili 2019, likapanuliwa mwaka 2021 na tena Agosti 2023. Humo gari la petroli linatakiwa kufikia Euro 4 na la dizeli Euro 6, na asiyefikia hulipa kwa siku. Kuwatenganisha petroli na dizeli hivi kuna mantiki: dizeli ya Euro 3 iliruhusiwa gramu 0.50 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, na ya Euro 6 inaruhusiwa 0.08, kiasi ambacho petroli ilikwishafikia katika Euro 4. Magari ya kihistoria yaliyopita miaka 40 yamesamehewa, kwa kuwa ni machache na hutembea kwa nadra. Msamaha huo naukubali kwa gari linalotoka mara chache, lakini naona ungepaswa kuambatana na kipimo cha gesi, kama nilivyofanya na langu, kwani gari lisilopimwa hutoa zaidi ya lazima bila kumnufaisha mtu yeyote. Gari kuukuu linalobeba watu kila siku ni suala jingine kabisa, na hapo Shirika la Afya Duniani halina lugha ya upole: mwongozo wake wa mwaka 2021 ulishusha wastani wa mwaka unaokubalika wa dayoksaidi ya nitrojeni kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa mita ya ujazo, na wa chembechembe ndogo za PM2.5 kutoka 10 hadi 5.

Wala upya peke yake si dhamana. Mwaka 2015 mamlaka za Marekani zilitangaza kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu inayotambua kuwa gari liko kwenye kipimo na kulisafisha kwa muda huo tu. Kampuni yenyewe ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Magari hayo yalikuwa mapya, na karatasi zake zilikuwa safi.

Jambo lililonigusa zaidi ni mahali ambapo magari yanayofukuzwa mjini huishia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, asilimia 80 yakienda nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu yakiingia Afrika. Gari lililoondolewa kwenye mtaa mmoja kwa sababu ya moshi wake na kuhamishiwa mtaa mwingine likiwa vilevile halijapunguza chochote katika hewa ya dunia. Limebadilisha mapafu tu. Kikomo cha umri mpakani husaidia kwa kiasi, ila hakiwezi kugundua gari la miaka sita ambalo katalisti yake imeng'olewa kwa ajili ya madini yake na bomba tupu kuunganishwa mahali pake. Mashine ya gesi nne hugundua hilo kwa dakika chache.

Julai

Hali ya sasa ni hii. Gari la kabureta limepimwa tena baada ya matumizi ya kawaida, na namba zimebaki mahali pake isipokuwa hidrokaboni, ambazo zimepanda kidogo. Pointi zimeanza kuchakaa, kama kawaida yake, na zitarekebishwa. Nimeanza pia kufuatilia nafasi ya vali za kutolea moshi. Injini hii ilitengenezwa wakati risasi ya petroli ilikuwa ikiyapaka na kuyalinda makalio ya vali, yaani mahali vali inapokaa ikifunga. Bila risasi makalio laini huliwa, nafasi hupungua, vali haifungi vizuri na moshi huharibika upya. Nafasi ikipungua, kichwa cha injini kitafunguliwa na kuwekwa makalio ya chuma kigumu.

Gari la pili linasubiri kipimo cha kuwaka likiwa baridi. Katalisti haifanyi kazi ya maana kabla ya kufikia takribani nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, na katika safari fupi sehemu kubwa ya uchafu wote hutoka katika dakika hizo za mwanzo, kabla haijaamka. Nitapima tangu funguo inapozungushwa hadi namba zitakapotulia, kwa thamostati mpya, ili kuona muda huo unachukua kiasi gani.

Kwa magari yote mawili inatafutwa mashine ya gesi tano, inayosoma oksidi za nitrojeni. Ikipatikana, kazi ya kwanza itakuwa kurudia marekebisho ya kabureta hatua kwa hatua kati ya asilimia 2 na 3 ya kaboni monoksaidi, na kuthibitisha kama mahali nilipolisimamisha gari mwezi Machi ndipo panapofaa kweli, au kama panatakiwa kusogezwa upande wa mchanganyiko mzito zaidi.